Kompyuta ya Chama Iliporudi na Sura Mpya

Mayige Maganga hakuwa na saa ya mkono. Hakuwa na cheti cha sekondari. Hakuwa na baiskeli tangu ile ya zamani ilipokatika fremu. Tena hakuwa na imani na kitu chochote kilichotoka mikononi mwake kikarudi kimebadilika.

Hata hivyo alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa pamba hapa Bariadi, na kompyuta ya chama aliijua. Kila asubuhi aliwasha jenereta, akabonyeza picha ya tatu kutoka juu, na majina ya wanachama yakatokea.

Mwaka 2004 kompyuta hiyo iliharibika. Ikapelekwa Mwanza kwa fundi Masele. Iliporudi, Mayige aliikagua kama ng'ombe aliyekuwa akilishwa kwenye zizi la mtu mwingine. Alitafuta alama aliyoichora ubavuni kwa msumari. Alama ilikuwepo. Akaiwasha.

Picha zake zote zilikuwa zimetoweka. Kwenye kioo palikuwa na kilima cha kijani na anga la buluu. Kwenye kona, chini, palikuwa na pipa dogo la taka. Basi.

"Mama Shida!" alimwita mkewe, Monika, aliyekuwa amemletea viazi. "Tazama. Malisho mazuri namna hii, halafu hakuna hata ng'ombe mmoja. Hii ni ardhi ya nani?"

"Labda wamekwenda kunywa maji," Monika akacheka.

"Usicheke! Orodha yetu imetupwa pipani. Au imeuzwa."

Orodha hiyo ilikuwa na majina ya wanachama mia mbili na kumi, na ekari za kila mmoja. Ile ya karatasi ililiwa na mchwa. Ilitakiwa ifike Mwanza kwa wagawaji wa mbegu kesho yake, ili chama kipate mbegu za pamba. Anayechelewa, mbegu zake wanapewa wengine. Na mvua zilikuwa zimeanza.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Mboje, aliposikia alikuja mbio.

"Ngosha, umeuza majina yetu? Siku hizi wanunuzi wa pamba ni wengi kama nzi."

"Mimi niuze? Aliyeuza ni fundi! Ameandika kikaratasi eti ameweka mfumo mpya na kazi zetu zipo. Ziko wapi?" Mayige akachukua kamba ya katani, akaifunga kompyuta. "Mtu asiiguse. Naandika barua polisi."

"Baba Shida," Monika akasema, "kabla hujamwita mtu mwizi, mwite Veronica."

Veronica alikuwa akifundisha kompyuta parokiani. Alifika saa nne.

"Mwangaluka, baba," akamsalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Simama hapo hapo. Hiki ni kizibiti cha polisi."

Veronica alitazama kamba, akajizuia kucheka. "Baba, mama akipaka nyumba rangi upya na kuhamisha kabati, vyombo vimeibiwa?"

"Vyombo naviona kwa macho."

"Basi fungua kamba, tuvione. Kipanya shika wewe. Mimi sitagusa kitu."

Hapo Mayige akakubali. Veronica alimwelekeza pipani kwanza. Lilikuwa tupu.

"Kumbe hazikutupwa," Mayige akanung'unika. "Basi zimeuzwa."

"Bonyeza kitufe cha kijani, chini kushoto. Vitu vingi vilivyokuwa nje sasa vimewekwa humo. Unaona sehemu ya kutafuta? Bonyeza."

Akatokea mbwa mdogo, anatikisa mkia. Mayige akarudi nyuma. "Na huyu ni wa nani?"

"Ni wa kutafutia. Andika jina la kazi yako."

Mayige aliandika kwa kidole kimoja: wanachama. Mbwa akahangaika. Mboje akaacha kutafuna kiazi. Kisha likatokea jina moja, na tarehe yake.

Mayige hakufurahi bado. "Nenda wa sabini na mbili. Kama ni orodha yangu, ni Mhoja wa Dutwa, ekari tatu."

"Wewe ndiye mwenye kipanya, baba."

Akashuka polepole. Mhoja, Dutwa, ekari tatu. Akakagua na wengine kumi. Wote walikuwepo.

"Mfumo ukibadilika, sura inabadilika," Veronica akasema. "Usitafute kwa kukumbuka picha ilikaa wapi. Tafuta kwa jina. Na kabla ya kompyuta kwenda kwa fundi, weka nakala kwenye diski, ubaki nayo. Hapo hutamshuku mtu bure."

Mayige aliandika maneno hayo kwenye daftari. Akaweka nakala kwenye diski mbili. Moja akampa Mboje.

"Mimi je, kama nitaiuza?" Mboje akamchokoza.

"Nitajua nyumba ya kuanzia."

Saa saba orodha ilikuwa imechapwa. Mayige alihesabu kurasa mara mbili, akazitia kwenye bahasha, akailamba na kuigandamiza kwa ngumi. Kisha akatia sahihi juu ya mkunjo, mtu asije akaifungua njiani. Stendi, alimtaka kondakta ataje jina la mpokeaji mara mbili. Akaiachia bahasha, na basi la Mwanza likaondoka.