Mwanamke Baridi kwenye Kamera ya Joto

Kamera ya joto ilionyesha mtu mweusi.

Kwenye kamera ile, chochote chenye damu hung'aa cheupe: mbwa, mlinzi, hata panya wa relini. Lakini adhuhuri ile, jua likichoma kokoto, kando ya uzio wa kituo cha treni palisimama umbo jeusi tii, viganja vimefunika macho. Kamera ya kawaida ilionyesha uzio mtupu.

"Lenzi imeingia vumbi?" aliuliza Jicho. Ndivyo walivyomwita dada wa zamu, maana hakuna kilichompita kwenye skrini.

Fundi wa kamera alikwenda, akaifuta, akarudi anahema. "Lenzi safi. Ila pale uzioni pananuka nywele zilizoungua."

Jicho alipajua pale. Mwezi uliopita mama mmoja alikaribia uzio akitafuta njia ya mkato, na Mkuu wa ulinzi akashika leza, ile taa ya kijani waliyopewa kuzuia wahalifu. "Shemeji, huyo mpita njia tu!" Jicho alipiga kelele, kwani Mkuu alikuwa mume wa dada yake. Mkuu akammulika machoni, akaing'ang'ania taa hadi kope na nywele zikaungua, hata mama wa watu alipoyumba haoni mbele wala nyuma, akaangukia relini, na treni ikaja. Jioni redio ikatangaza kwamba mhujumu wa reli amekufa. Ndugu zake walipokuja kuuliza, walifukuzwa getini.

Umbo halikubaki uzioni. Kesho yake kamera za joto zililionyesha ukumbini katikati ya abiria, baadaye kwenye ngazi, na asubuhi moja Jicho akaliona kwenye skrini, koridoni, limeegemea mlango wa chumba chao cha kamera, na ile harufu ya nywele ikapenya chini ya mlango, na kitu kikaanza kupapasa ukuta kwa nje, polepole, kikapapasa, kikatulia, kikapapasa tena, hadi kitasa kikashuka chenyewe na mlango ukafunguka na hakuna aliyeingia, ila chumba kizima kikapoa mpaka pumzi zao zikatoka kama moshi.

"Usigeuke," Fundi alinong'ona, kamera ndogo ya joto mkononi. "Liko nyuma ya kiti cha Mkuu."

Mkuu, aliyekuwa akiwacheka, siku hiyo hiyo yeye mwenyewe alimleta mganga: mama mnene asiye na mzaha. Mganga alifukiza ubani, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Huyu haondoki kwa ubani," alisema. "Mmemuua, kisha mkamchafua jina. Aliyemmulika aseme ukweli, watu wasikie."

"Ile ilikuwa kazi ya usalama wa taifa!" Mkuu akafoka. "Sisemi kitu!"

"Usalama wa nani?" Jicho akainuka kitini. "Alikuwa na kikapu cha nyanya! Usalama wa nani, shemeji?"

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze!"

Akanyakua kipaza sauti cha kutangazia treni, akasema yote: nani alishika taa, nani alidanganya redioni, na kwamba marehemu hakuwa mhujumu bali mama aliyekuwa anarudi kwake. Ukumbini abiria walisimama wima, mizigo mikononi. Mkuu alibamiza mlango, akaondoka na gari lake.

Chumba kikaanza kupata joto. Fundi alilia bila haya.

"Ametoka humu," mganga alisema, lakini hakukusanya vitu vyake. "Umesema vizuri, mwanangu. Ila aliyetakiwa kusema si wewe."

Baada ya muda simu ya Jicho ikaita. Alikuwa dada yake, ananong'ona.

"Mdogo wangu, shemeji yako ndiyo kwanza anaingia. Huyo mwanamke aliyekuja naye ni nani?"

"Mwanamke gani, dada?"

"Hata kunisalimia hakunisalimia. Ameingia chumba cha watoto, na mlango haufunguki."