Kibuyu cha Bibi Ngolo

Kila siku baada ya shule, Jenista alivua sare, akajifunga khanga na kwenda kumsaidia mama yake, Judith, kwenye banda la chipsi. Banda lilikuwa kando ya foleni ya malori mjini Tunduma, ambako madereva hungoja siku mbili tatu kabla ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Njaa yao haikuwa na saa, na karai la mama halikupoa.

Jenista alikuwa na miaka kumi na miwili, mchapakazi, ila mkono wake ulipenda kuonja. Mama akigeuka, chipsi zinaingia mdomoni, kisha ngozi ya kuku inayochuruzika mafuta. Jioni nyumbani alidai ameshiba, akaacha ugali na mboga. Maziwa ya mgando aliyokoroga bibi yake aliyamwaga kimyakimya nyuma ya nyumba, maana alishazoea utamu wa mafuta.

Bibi Ngolo, mama mzazi wa baba yake, alihamia kwao kutoka kijijini Ivuna akiwa na furushi la nguo na kibuyu kimoja. Kila asubuhi alichemsha maziwa ya ng'ombe wa jirani yao, Mama Lucky, akayaacha yapoe, akayamimina kibuyuni juu ya mgando kidogo aliobakiza jana. Huo ndio uliokuwa chachu.

"Hiki hakijakauka tangu nilipoolewa," alipenda kusema. "Ukikomba yote, umekiua."

Miezi ikapita, na tumbo la Jenista likaanza kusokota. Mara anahara, mara limejaa kama ngoma. Siku aliposhindwa kwenda shule, mama alimketisha kitandani.

"Umekula nini, mwanangu?"

Jenista aliogopa kusema habari za karai. "Labda ni maziwa ya Bibi," akajibu.

Mama alimwendea mkwewe kwa adabu, macho chini. "Mama, naomba uyaache kwanza maziwa. Yanamdhuru mtoto."

Bibi Ngolo hakubisha. Alikichukua kibuyu, akakisugua kwa maji ya moto na majivu, akakianika juani. Kisha akaanza kukunja nguo zake. "Jumamosi nitarudi Ivuna," alisema. "Sikuja hapa kuwaumiza." Jenista alimwona akijifuta machoni kwa pindo la khanga, na moyo ukamuuma kuliko tumbo.

Hata hivyo alinyamaza. Maziwa yalikoma, lakini maumivu hayakukoma. Ijumaa wote watatu wakaenda zahanati. Vipimo havikuonyesha minyoo wala amiba, na muuguzi Fides akavua miwani.

"Jenista, niambie ukweli. Kila siku unakula nini?"

Kabla hajafumbua mdomo, Bibi akasema taratibu, "Usimbane mtoto, nesi. Kosa ni langu. Ni yale maziwa yangu."

Hapo Jenista hakuweza kuvumilia tena. Alilia, akayatoa yote: chipsi, ngozi za kuku, ugali alioukataa, maziwa aliyoyamwaga. "Bibi, sijayanywa hata siku moja. Nilikusingizia. Nisamehe."

Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Bibi alimvuta mjukuu wake kifuani.

"Sasa naelewa," alisema Fides. "Ndani ya utumbo wetu wanaishi bakteria wengi walio rafiki. Ukila mafuta mengi kila siku bila mboga wala matunda, hao wanapungua, wabaya wanaongezeka, na utumbo unaweza kuvimba kwa ndani. Nitakupa dawa ya kutuliza, na urudi baada ya wiki mbili. Chipsi ziwe za siku mojamoja. Kula mboga, maharage, matunda. Na mgando uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, kama wa Bibi, unaongeza hao bakteria rafiki. Si dawa ya kila ugonjwa, lakini ni chakula chema."

"Kibuyu kimekauka," Bibi alisema. "Nimekiosha mwenyewe."

Walipofika nyumbani, Jenista hakuketi. Alichukua kikombe, akaenda kwa Mama Lucky, ambaye Bibi aliwahi kumgawia chachu. Alimweleza uongo wake mwanzo hadi mwisho. Mama Lucky alimjazia kikombe akisema, "Mpelekee. Ni mali yake hii."

Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akanusa, akatabasamu. "Ndiyo yenyewe," alisema. Furushi likafunguliwa, nguo zikarudi msumarini.

Baada ya wiki tatu Jenista alikuwa akikimbia tena na wenzake shuleni. Jioni moja alikunywa mgando wake wote, akauliza kama anaweza kuongezewa.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "uongo wako ulikuwa neno moja tu, ukaichachua nyumba nzima, nikafunga nguo zangu. Tumbo linaumizwa na tunachokificha mdomoni, na nyumba vilevile. Kula vizuri, na useme kweli mapema."

"Nimekusikia, Bibi."

Jenista alimimina kikombe cha pili, lakini kabla hakijajaa akakisimamisha kibuyu, ili chini ibaki chachu ya kesho.