Si Wewe wa Kuniuliza

“Umeenda wapi? Hebu rudia.”

Kavindu alikuwa amebana simu kwa bega, mkono mmoja bado kwenye shati la shule alilokuwa akilipiga pasi katika duka lake la sare.

“Tseikuru!” Nyamai alicheka kwenye simu. “Kwa mjomba wako Musembi. Nimempelekea blanketi, sukari na lile koti la baridi. Mzee amefurahi, amenishika mkono akakataa kuuachilia. Jumamosi anakuja kwa ntheo yetu. Amesema ni yeye mwenyewe atakuuliza lile swali.”

Kavindu aliiacha pasi juu ya shati.

“Babe? Si hiyo ndiyo ilikuwa inatukwamisha? Ulisema mjomba amekasirika hawezi kuja, na kwenu bila ndugu ya mama hakuna ntheo. Sasa nimemtuliza. Sema asante hata kidogo.”

“Nani alikutuma, Nyamai?”

“Hakuna mtu amenituma. Ni mapenzi tu.”

Shati lilianza kutoa moshi. Kavindu akakata simu.

Wanaume wengine wema wao ndio balaa, na Nyamai wa Matiliku alikuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo. Mtu wa kuuza miche ya machungwa na maembe, mpole, mcheshi, ila umwambie mlango umefungwa atazunguka nyumba nzima kutafuta ufunguo. Hakujua kwamba mlango huu Kavindu aliufunga mwenyewe, tena kwa sababu.

Ntheo ni mbuzi watatu. Watu wa kijana wakiwaleta na watu wa msichana wakiwapokea, basi huyo ni mke wa mtu, hata kama kanisani hawajakanyaga. Baba yake Kavindu alikuwa amefariki zamani, na katika ukoo wao kazi hiyo ilimwangukia ndugu ya mama. Yeye ndiye humsimamisha msichana mbele ya wageni na kumuuliza kama mbuzi wapokelewe. Akijibiwa ndiyo, humwekea mkono kichwani na kumbariki. Kavindu alikuwa ameahirisha siku hiyo mara mbili kwa sababu ya mkono huo.

“Shoga, unachoma duka?”

Nusaiba alikuwa ameingia mbio kutoka duka la vitambaa la jirani. Alichomoa waya wa pasi, akamtazama mwenzake, akavuta kiti.

“Nini? Sema.”

“Nyamai amemwalika. Amemwalika yule mtu, Nusaiba. Jumamosi.”

“Yule wa Tseikuru?”

Kavindu alitikisa kichwa kukubali, kisha machozi yakamshinda.

Katika mji mzima wa Mwingi ni Nusaiba peke yake aliyejua. Miaka miwili nyuma alimkuta Kavindu amejifungia ndani ya duka mchana, anatetemeka, kwa sababu tu mteja mmoja alijipaka mafuta yenye harufu ile ile ya mjomba wake. Hakumuuliza maswali mengi. Alifunga duka lake, akampeleka hospitali kwa mshauri, na kila Alhamisi kwa mwaka mzima alimngojea kwenye benchi akisuka ukili. Ndiye aliyemwambia maneno ambayo mama yake mzazi hakuwahi kumwambia: “Nakuamini.”

“Unataka kufanya nini?” Nusaiba aliuliza sasa.

“Kughairi.”

Alishika simu akaandika: *Ghairi Jumamosi. Usinipigie.*

Jibu lilikuja kabla hajaiweka chini: *Nimekosa nini Kavindu? Baba ameshanunua mbuzi. Kama hunitaki niambie mimi, usijifiche nyuma ya mjomba.*

Alisoma mara tatu. Neno la mwisho lilimchoma.

“Anafikiri simtaki.”

“Na wewe unamtaka?”

“Namtaka mpaka nalia.”

“Basi mwambie. Si lazima leo, si lazima yote. Ila usimwache ajibiwe na hofu yake.”

*

Nyamai alifika kesho yake saa nne asubuhi, viatu bado vina udongo wa kitalu, macho mekundu. Nusaiba aliwafungulia stoo ya nyuma, akawawekea chai, kisha akakaa dukani mlango ukiwa wazi, kama walivyokubaliana na Kavindu.

“Kuna mwingine?” Nyamai alianza hata kabla ya kuketi.

“Hakuna mwingine.”

“Basi ni nini? Mimi nimefanya kila kitu.”

“Hapo ndipo shida iko. Umefanya kila kitu bila kuniuliza.” Kavindu aliweka viganja vyake kwenye magoti, jinsi mshauri alivyomfundisha, akapumua. “Nikiongea usinikatize. Nikinyamaza usinimalizie. Sawa?”

“Sawa.”

“Nilipokuwa na miaka kumi na tatu mama alinipeleka Tseikuru nikae kwa mjomba, nisomee huko. Mjomba alinidhulumu. Unaelewa nikisema hivyo? Si mara moja. Mwaka mzima.”

Chai ya Nyamai ilimwagikia suruali. Hakuipangusa.

“Nikatoroka nikarudi nyumbani. Nikamwambia mama. Akaita wazee wa ukoo. Wakakaa, mjomba akatoa mbuzi, wakachinja, wakala, ikawa imeisha. Nilipewa ini kwa sahani. Niliambiwa nile ili moyo wangu utulie.”

“Kavindu...”

“Sijamaliza. Sikumkosea mtu, lakini mimi ndiye niliyeambiwa nisiseme tena. Na Jumamosi unataka yeye aniwekee mkono kichwani, anipe kwako.”

Nyamai alisimama ghafla. Kikombe kilianguka.

“Naenda Tseikuru. Namvunja huyo mzee. Nilimpa koti! Kavindu, nilimvisha koti kwa mikono yangu!”

“Keti.”

“Siwezi kuketi!”

“Ukimpiga, itakuwa habari yako na yeye. Mimi nitakuwa nimetolewa tena. Nimechoka na wanaume kuimaliza hii stori wakiwa peke yao. Keti, Nyamai.”

Aliketi. Alijifunika uso kwa mikono, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika. Kavindu alimtazama akilia na moyo wake ukawa mzito, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa swali la aibu, la kama alimchokoza au kwa nini alinyamaza. Halikuja.

Baada ya muda Nyamai alipangusa uso kwa mkono wa shati.

“Wewe unataka nini?”

Lilikuwa swali dogo. Wazee, mama, mjomba, wote hao hawakuwahi kumuuliza. 

“Nataka kuolewa na wewe. Na sitaki yule mtu aniguse hata kwa baraka. Jumamosi msighairi. Njooni na mbuzi wenu.”

“Na nimwambie baba?”

“Usimwambie mtu. Ni yangu kusema.”

“Na kama baba atakasirika, aseme hataki boma lenye maneno?”

“Hapo ndipo nitajua naolewa na nani.”

Nyamai aliokota kikombe kilichoanguka. Hakuahidi kitu, na Kavindu alishukuru kwamba hakuahidi.

Jioni ile alimpigia mama yake.

“Mwaitu, mwambie mjomba asije Jumamosi.”

“Kavindu, usianze.” Sauti ya mama Nzilani ilishuka, mtu angedhani kuta zinasikiliza. “Mambo hayo yaliisha. Wazee walikula. Unataka watu wa Matiliku wajue? Nani atakuchukua?”

“Mwaitu, uliniamini siku ile?”

Mlango ulisikika ukifungwa upande wa pili.

“Yeye ni ndugu yangu wa pekee,” mama alisema mwishowe, na akakata.

*

Jumamosi watu wa Matiliku walifika kwa mama Nzilani na mbuzi watatu na nyimbo. Mzee Mutunga, baba yake Nyamai, alitembea mbele na fimbo yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye hata mbuzi wake walionekana kumwogopa. Musembi alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa cha sofa kilichotolewa nje ya nyumba. Ndiyo, alikuwa amevaa lile koti, jua la saa sita likiwaka.

Ndani chumbani Nusaiba alimfunga Kavindu leso.

“Unaweza kutoka kwa mlango wa nyuma sasa hivi. Hakuna atakayekulaumu, na akikulaumu atanijua mimi.”

“Nitatoka wa mbele.”

“Miguu?”

“Inatetemeka.”

“Wacha itetemeke. Twende.”

Watu walipiga vigelegele alipotokea. Nyamai alisimama kando ya mbuzi, uso umemkauka. Musembi aliinuka, akakohoa, akanyoosha mkono kuelekea kwake.

“Mwanangu Kavindu. Wageni hawa wametoka mbali. Mbuzi hawa, tuwapokee ama tusiwapokee?”

Kila mtu alitabasamu akingoja ile ndiyo ya aibu ambayo wasichana husema wakitazama chini. Kavindu alitazama mbele.

“Nitajibu. Lakini si wewe wa kuniuliza.”

Vigelegele vilikatika.

“Adabu, msichana!” Musembi alicheka kidogo akiwageukia wageni. “Wasichana wa mjini hawa.”

“Usininyooshee mkono. Nilikuwa mtoto chini ya paa lako na ulinidhulumu mwaka mzima. Hunipi kwa mtu, kwa sababu mimi si wako. Ninasema mbele ya watu wote kwa sababu nilipoambia wachache walininyamazisha.”

Mwanamke mmoja aliguna. Mwingine akamwita Mungu kwa sauti ya chini, “Ngai.” Mama Nzilani alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe, amesimama hapo hapo.

“Uongo!” Musembi alipaza sauti. Kisha akaangalia huku na huku, akaona nyuso zimebadilika, na hasira ikamfanya aseme kile ambacho hata adui yake asingeweza kumtoa kinywani. “Na hayo tulishayamaliza! Niliitwa na wazee, nikatoa mbuzi, wakala! Utarudiaje jambo lililokwisha kuliwa?”

Mzee Mutunga aliegemea fimbo yake.

“Ulitoa mbuzi?”

“Nilitoa! Dume kubwa! Uliza dada yangu!”

“Sawa. Na ulimtoa kwa kosa gani?”

Musembi alifungua kinywa.  Uwanja mzima ulimngoja, na kadiri walivyongoja ndivyo alivyozidi kulowa jasho ndani ya lile koti.

Sinia ilianguka. Vikombe vikavunjika, na mama Nzilani akapita juu ya vipande hadi alipokuwa ndugu yake.

“Ondoka kwangu.”

“Nzilani, mimi ni damu yako.”

“Na yeye ni nani? Aliniambia na nikamwamini. Nilimwamini, Musembi! Nilinyamaza kwa sababu sina ndugu mwingine. Toka kabla sijakufukuza na hiki kiatu.”

Alitoka. Hakuna aliyemsindikiza. Wazee wawili wa ukoo waliokuwa wamekaa karibu naye waliangalia chini, na mmoja akavuta kofia ikamfunika macho, kwa sababu na yeye alikuwa amekula.

Kavindu alibaki amesimama wima. Nusaiba alikuwa nyuma yake, kifua kimegusa mgongo wake asije akaanguka. Nyamai alisogea hatua moja, akasimama.

“Nije?” aliuliza.

“Njoo.”

Akaja, akasimama kando yake bila kumshika, mpaka yeye Kavindu alipotafuta mkono wake akaupata.

Sasa macho yote yaligeuka kwa Mzee Mutunga. Mzee aliwatazama mbuzi wake watatu, akamtazama mwanawe, akavua kofia.

“Mimi nina mabinti wanne,” alisema polepole. “Sijawahi kuwauliza kama kuna mtu amewaumiza. Nikifika nyumbani nitawauliza. Mbuzi hawa hawarudi Matiliku, isipokuwa huyu msichana mwenyewe awarudishe. Lakini aulizwe na nani? Mama yake yuko hapa.”

Hilo halikuwa limewahi kufanyika katika ukoo ule. Wazee walinong’onezana, lakini siku hiyo hawakuwa na kinywa cha kupinga.

Nzilani alimgeukia bintiye. 

“Kavindu. Tuwapokee?”

Kavindu alimtazama. Ndani yake kulikuwa na mapenzi na kulikuwa na hasira ya miaka kumi na minne, vyote viwili, na hakuwa na haja ya kukificha kimoja ili kingine kionekane.

“Wapokeeni. Namtaka Nyamai. Lakini leo msichinje. Sitaki jambo langu liliwe tena. Jumatatu naenda stesheni ya polisi kuandikisha. Anayenipenda anisindikize.”

*

Jumatatu asubuhi polisi wa dawati la jinsia, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alifungua faili mpya. Kavindu alikuwa ameketi mbele yake. Simu yake ilitikisika.

*Niko hapa nje na Nusaiba. Amenikataza kuingia mpaka uniite. Usiharakishe, hata tukilala hapa.*

Aliandika: *Kaeni.*

Mama Nzilani alikuwa amesimama karibu na mlango akikunja na kukunjua leso. Tangu Jumamosi walikuwa wamezungumza maneno ya chumvi na maji tu. Kavindu hakuwa amemsamehe. Hakujua kama angeweza, na mshauri alikuwa amemwambia hakuna anayemharakisha.

“Na huyu mama ni nani?” polisi aliuliza.

“Mimi ni mama yake.” Nzilani alisonga mbele, machozi yakimtoka bila sauti. “Na ni mimi niliita wazee badala ya kuja hapa. Nimekuja kusema yote, na majina ya waliokula. Niandikie hivyo, afisa. Andika kwamba nilijua.”

Polisi aliinua kalamu, akamtazama Kavindu.

“Unataka awe hapa ukiongea?”

Kavindu alifikiri. Kisha akavuta kiti kilichokuwa kando yake, akakiweka karibu.

“Keti, mwaitu. Ila leo mimi ndiye ninaanza.”