Cheti Kilichosafisha Jina la Anaclet

Walikutana kwenye foleni ya alama za vidole, katika kituo cha polisi katikati ya Durban, siku ambayo watu walijaa mpaka nje barabarani. Kerubo, Mkenya anayesomea shahada ya uzamili na kupanga chumba Glenwood, alitaka karatasi ya polisi kwa ajili ya viza. Alivaa gauni la njano lisilo na mikono, na sasa alisimama ameinua viganja vyake vyeusi kwa wino, anaogopa kujigusa. Anaclet, fundi umeme Mkongo wa mtaa wa Albert Park, alimnyooshea kitambaa chenye mafuta ya kupikia.

"Maji haitoshi, dada. Wino hii inataka mafuta."

"Kwani wewe huja hapa kila siku?"

"Leo tu. Na nimepata bahati."

Kerubo alicheka. Hakumuuliza alama zake ni za nini, naye Anaclet hakusema. Mwanamume akishapenda huwa hodari wa kila neno isipokuwa lile moja linalotakiwa.

Miaka kumi na moja nyuma, alipokuwa akitengeneza simu kando ya barabara, polisi walikuta mezani pake simu ya wizi aliyoletewa na mteja. Wakampa karatasi: weka sahihi, lipa faini, nenda nyumbani. Alikuwa mgeni, Kiingereza chake cha kuombea maji. Akaweka sahihi akidhani ni risiti, kumbe amekiri kosa. Tangu hapo, kila alipoomba kazi ya maana, doa lilitangulia kufika. Ilipotimia miaka kumi sheria ilimruhusu kuomba rekodi ifutwe, na ndiyo maana ya alama zile. Karibu mwaka baada ya siku ile ya foleni, cheti kikaja.

"Sasa huna rekodi," wakili aliyemsaidia kuomba alimwambia. "Ukiulizwa, jibu hapana."

Kufikia hapo Kerubo alikuwa akimwita "wangu" mbele za watu. Lennox, Mkenya wa kanisani kwao aliyefanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha rangi huko Jacobs, aliwaambia nafasi ya fundi umeme ipo. Kwenye fomu palikuwa na swali: umewahi kutiwa hatiani? Anaclet akaandika hapana.

Wiki mbili baadaye Kerubo alipiga simu.

"Lennox anasema ripoti yako imekuja. Kampuni ya kukagua watu imekuta kesi ya wizi."

"Ile kitu ilifutwa, chérie. Niko na cheti."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Polisi walifuta. Hao wa kampuni wanachunga kopi ya zamani."

"Mwaka mzima, Anaclet. Unajua mpaka jina la paka wa mamangu."

"Wakili alisema nijibu hapana."

"Alisema ujibu fomu. Mimi ni fomu?"

Akakata simu, na kwa siku nne hakupokea. Anaclet alijifungia chumbani kwake, ghorofa ya tisa, akikikodolea macho kile cheti. Akikificha, basi ni mwongo aliyedanganya kwenye fomu. Akikionyesha, kinatangaza kwamba palikuwa na kitu cha kufuta. Mbele ukuta, nyuma ukuta, na Kerubo hayupo. Alilia, na hakuona aibu kulia.

Siku ya tano Kerubo aligonga mlango, kichwani kafunga kitambaa, macho yamevimba.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Kaa hapo uniambie yote. Ukiruka kitu, naenda."

Akamwambia yote. Kerubo akamrushia shati.

"Vaa. Twende Jacobs."

Mama wa ofisi ya ajira pale kiwandani alikisoma cheti mara mbili.

"Eish. Mimi nakuamini," alisema kwa Kiingereza, kwa upole wa kweli. "Lakini mimi nafuata ripoti. Waandikie waliotuletea wairekebishe. Labda miezi mitatu."

"Na nafasi?" Kerubo aliuliza.

"Inajazwa Ijumaa."

Nje ya geti, malori yakipita, Anaclet alisimama.

"Rudi chuoni, Kerubo. Hii kitu itanifuata mpaka kaburini. Isikufuate na wewe."

Kerubo alitoa simu, akampigia baba yake huko Kisii, na kuifungulia sauti wote wasikie.

"Baba, yule mtu niliyekuambia yuko hapa na mimi. Anataka kuja kukuona."

Anaclet alimtumbulia macho. Hilo walikuwa hawajalizungumza hata siku moja.

"Karibu sana," mzee alisema. "Anafanya kazi wapi?"

Kerubo alifungua mdomo, lakini Anaclet akamtangulia kuishika simu.

"Baba, kazi sina. Nilikaribia kupata moja, leo nimeikosa, juu zamani nilihukumiwaka kwa simu ya wizi. Sikuiba. Serikali imeshafuta. Nakuambia mimi mwenyewe, usisikie kwa mtu mwingine."

Mzee alimwita binti yake kwanza.

"Kerubo. Wewe alikuambia lini?"

"Alichelewa, baba. Lakini aliniambia."

"Haya. Basi mwambie na mimi nitachelewa kumjibu."

"Lakini utamjibu?"

"Jambo kama hilo mtu hajibiwi kwa simu," mzee alisema. "Mlete."