Ufunguo Uliokatwa Kola

Mimi ni fundi cherehani. Kila asubuhi natia uzi kwenye sindano, kisha nawasha kompyuta. Ndani yake mna vipimo vya wauguzi sitini. Nilishawapima, wakarudi kwenye zahanati zao za mbali. Sare zao zinatakiwa mwisho wa mwezi.

Ijumaa moja kompyuta iligoma. Ilitaka “ufunguo wa kurejesha”.

“Nani kagusa kompyuta yangu?”

Shemeji, mdogo wa mume wangu, aliinama. “Jana niliingia kwenye mipangilio ya kuwashia. Nilitaka iwake haraka.”

“Nani alikutuma?”

“Tulia, shemeji. Tufute kila kitu, tuanze upya.”

“Thubutu! Wale sitini nitawapimia wapi tena? Toa mkono wako hapo!”

Nilimsogeza kando kwa hasira. Nikamwita jirani, fundi wa kompyuta. Sote tunamwita Miwani.

“Msifute kitu,” alisema. “Diski hii ina kufuli. Mwizi akiiba kompyuta, hasomi chochote. Sasa mipangilio imebadilika, na kompyuta imewadhania nyinyi wezi.”

“Mwizi ni huyu hapa!”

Miwani akamgeukia shemeji. “Ulibadilisha nini? Tukikirudisha, huenda ikafunguka.”

“Sikumbuki. Niligusagusa tu.”

Nikasonya.

“Basi tutumie ufunguo,” alisema Miwani. “Ni tarakimu arobaini na nane. Siku nilipokuwekea kufuli hii nilikupa karatasi yake. Iko wapi?”

Nikaikumbuka. Ilikuwa karatasi ngumu, nzuri. Nilikwenda ukutani, nikatungua kiolezo changu cha kola. Nyuma yake palikuwa na tarakimu, lakini thelathini tu. Nyingine nilizikata.

“Nani alikutuma?” aliuliza shemeji. “Mkuki kwa nguruwe!”

Aibu ilinichoma kuliko hasira. Tulimwaga sakafuni gunia la mabaki ya kukatia, tukapekua sote watatu mpaka saa sita mchana. Shemeji ndiye aliyekipata kipande cha karatasi, kimeng’ang’ania kwenye uzi.

Miwani aliingiza tarakimu zote. Kompyuta ikafunguka. Vipimo vyote sitini vilikuwepo.

“Siku nyingine,” alisema, “kabla ya kugusa mipangilio, simamisha kufuli kwanza. Na ufunguo uandike mara mbili. Usiuweke pamoja na kompyuta.”

Nakala moja iko kwa dada yangu. Nyingine iko kwenye sanduku la vyeti. Sare zilitoka kwa wakati, na kola zake nilizikata kwa kiolezo kipya cha gazeti. Lakini kabla sijatia mkasi, shemeji alilishika gazeti, akaligeuza nyuma na mbele kutafuta tarakimu.

“Kata,” alisema.

Nilikuwa nimekasirika, lakini sikukata mpaka aliposema.