Muuguzi wa Pili

"Hayo ulishaniambia asubuhi," mshonaji alisema.

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye faili. Asubuhi ile hakuwepo kabisa. Alimpeleka mama mkwe wake kupimwa macho, akaingia kazini saa nane mchana.

"Nilikuambia nini, mama?"

Mshonaji, ambaye kesho yake angepasuliwa kutolewa mawe kwenye nyongo, akahesabu kwa vidole. Asile kitu kuanzia saa sita usiku. Avue pete, hereni na meno ya bandia. Akizinduka asikurupuke, alale ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Akitaka kukohoa, akumbatie mto tumboni, maana mto ndio mume pekee asiyekoroma. Neno kwa neno. Hata ule mzaha wa mto, ambao muuguzi aliutunga mwenyewe na haukuandikwa popote.

"Na nikishafika nyumbani," mshonaji akamalizia, "nisimame mlangoni niseme, ingia, nimekubali. Halafu utakuja kunisafisha kidonda. Mtu mwingine asikiguse."

"Hilo sikulisema mimi."

"Makubwa! Kwani una pacha?"

Wakacheka wote wawili, ila muuguzi aliacha kucheka kwanza.

Wagonjwa walimwita Dada Maelekezo. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi, chenye viti viwili na picha ya utumbo ukutani. Hapo aliwaandaa watu kwa upasuaji, akawaonyesha namna ya kujitunza nyumbani, na siku ya tatu baada ya kuruhusiwa aliwapigia simu kuwajulia hali. Kazi yenyewe ni maneno tu. Mtu akiyachezea maneno yake, amemharibia kila kitu.

Akamshuku muuguzi wa zamu ya asubuhi, waliyemwita Haraka, ambaye kwa muda mrefu alikuwa anakimezea mate kile chumba. Akamvizia kwenye kabati la dawa.

"Unaongea na wagonjwa wangu?"

"Mimi?" Haraka alitazama nyuma kabla ya kujibu, akashusha sauti. "Dada, afadhali umeanza wewe. Jumapili nilikukuta umeinama kwenye kitanda cha tisa. Nikakusalimia, hukuitikia. Nikasema basi, kaninunia."

"Jumapili sikuja kazini."

"Ndiyo maana nimenyamaza. Nilikwenda kuangalia ratiba."

Wakatazamana, kila mmoja akimpima mwenzake kama ni mwongo. Muuguzi akaenda kwenye kitanda cha tisa, kilichokuwa kitupu, akalinusa shuka. Lilitoa harufu ya pamba iliyoungua.

Mshonaji alipasuliwa salama, akaruhusiwa. Siku ya tatu muuguzi akapiga simu. Akapokea binti yake.

"Mama anaendeleaje? Kidonda hakitoi usaha?"

Binti akauliza taratibu, "Samahani, nani mwenzangu?"

"Dada Maelekezo, wa hospitali."

"Dada Maelekezo yuko chumbani na mama," binti alinong'ona. "Anamwosha. Anakuja kila siku."

Na nyuma ya pumzi ya yule binti, kupitia simu, muuguzi akasikia kitambaa kikikamuliwa majini, na sauti ya mwanamke ikisema kwa upole, "Tulia, mama, karibu tunamaliza." Ilikuwa sauti yake, hata kale kakikohozi ka mwisho wa sentensi.

Korido ilikuwa na watu tele na jua limewaka, lakini aliegemea ukuta, simu bado sikioni. Bi Dekio, mfagiaji wa wodi, aliweka ndoo chini, akamshika kiwiko. Mama huyu alipiga deki mchana. Jioni watu walimfuata kwake kutolewa majini na mashetani, kazi aliyorithi kwa marehemu mama yake.

Muuguzi alimweleza yote. Bi Dekio hakushangaa.

"Limepata mlango mzuri," alisema. "Mtu akitoka kupasuliwa hana nguvu, anamwamini yeyote mwenye glavu. Twende. Na tukifika, usilitazame usoni. Likigeuka mkatazamana, mimi sitajua ni nani kati yenu nimtoe."

Binti aliwafungulia, akamwona muuguzi, akarudi nyuma hadi ukutani huku amejiziba mdomo. Hakuuliza kitu. Alionyesha tu chumba kwa kidole.

Pazia lilikuwa limefungwa, na ile harufu ya pamba iliyoungua ilikuwa nzito kiasi cha kukaa ulimini, na kando ya kitanda alikuwa ameketi mwanamke mwenye sare nyeupe, amewapa mgongo, mgongo ambao muuguzi hakuwahi kuuona maishani mwake na bado aliujua kuwa ni wake, kwa lile bega la kulia lililoshuka kidogo kwa kubeba mafaili, na mkono wa yule mwanamke ulikuwa ukichovya kitambaa kwenye beseni, ukikamua, ukipitisha juu ya tumbo la mshonaji, ukichovya tena, na maji yalibaki meupe, na kidonda, ambacho siku hizo kilipaswa kuwa kimeshaanza kushikana, kilikuwa wazi, kisafi, chekundu, kama mdomo uliooshwa ukasubiri kulishwa.

Bi Dekio akamwaga maji ya chumvi kizingitini, akaanza kusoma kimoyomoyo. Mkono haukusita.

"Haliendi," akanong'ona. "Limekaribishwa. Siwezi kulitoa penye ruhusa. Mwenye mwili ndiye wa kulikataa."

Muuguzi akakaza macho sakafuni. Ridhaa aliijua vizuri. Kila siku aliwaambia wagonjwa kwamba hata ukishasaini, hata ukiwa umelazwa kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, ukisema hapana, hakuna mtu atakayekugusa.

"Mama," aliita. "Unanisikia?"

Mshonaji akafumbua macho. Akamtazama aliye mlangoni, akamtazama aliye kando yake. Machozi yakamtoka.

"Mko wawili. Nitajuaje ni yupi?"

"Niamini mimi, mama," ile sauti ya kando ya kitanda ilisema, tamu, bila haraka. "Nimekuwa na wewe siku zote hizi."

Muuguzi alifungua mdomo aseme hayohayo, akayameza.

"Usiniamini," alisema. "Mimi wala yeye. Mwili ni wako. Vuta pumzi, kumbatia mto, useme unachotaka wewe mwenyewe."

Mshonaji aliuvuta mto tumboni kwa mikono yote miwili. Kitambaa kiliganda hewani. Kichwa chenye kofia nyeupe kikaanza kugeuka, polepole, kuelekea mlangoni, na muuguzi akafumba macho kwa nguvu zake zote.

"Sitaki," mshonaji alisema. Kisha kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Nimekataa! Toka kwangu!"

Beseni lilipinduka. Kitu cha baridi kilimpita muuguzi begani, kikamnong'oneza sikioni kwa sauti yake mwenyewe, "Bado wengine." Alipofumbua macho kiti kilikuwa kitupu, na binti alikuwa amemkumbatia mama yake, wote wawili wakilia.

Wiki hiyo nzima muuguzi na Bi Dekio walizunguka na orodha ya walioruhusiwa karibuni. Kote walikuta harufu ileile, na kote mgonjwa alikataa, huyu kwa kilio, yule kwa matusi ya nguoni. Ikabaki nyumba moja, ya mwalimu mstaafu aliyetolewa uvimbe, mjane asiye na mtoto.

Mwalimu alifungua mwenyewe. Alikuwa amechana nywele vizuri, uso umenawiri. Hakuonyesha mshangao.

"Najua mmefuata nini," alisema. "Jibu ni hapana."

"Mwalimu, aliyemo humo ndani si mimi."

"Najua si wewe, mwanangu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini na mitano, nashindwaje kujua aliyenakili?" Akatabasamu. "Lakini ananiuliza nimelalaje. Miaka tisa hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Litakumaliza," Bi Dekio alisema.

"Huenda. Nimekubali nikiwa na akili zangu timamu. Si ndivyo mnavyotaka kwenye fomu zenu?"

Ndani, kiti kilikwaruza sakafu. Mwalimu akageuza kichwa, akaitika, "Naja!" kwa uchangamfu wa mtu aliyeandaliwa chai, akawafungia mlango.

Muuguzi alirudi pale mara tatu, na mara zote hakufunguliwa. Majirani wanasema mwalimu yu hai, mwembamba ila mcheshi, na kwamba kidonda chake hadi leo hakijafunga. Kila asubuhi, wanasema, husikia kitambaa kikikamuliwa.