Kanda Ndogo ya Cucu Wakiuru

Kila asubuhi kabla ya shule, Kagure alibeba maziwa hadi kituo cha maziwa, akipita kando ya mpaka wa shamba la baba yake, Kingori, na lile la baba yake mdogo, Mwai. Asubuhi moja ya mwaka 1993 alikuta matoka kadhaa yameng'olewa, mizizi ikitazama juu. Kagure aliogopa sana. Pale Mukurweini hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba maua hayo ndiyo alama ya mpaka, na kwamba mwenye kuyang'oa anatafuta laana.

"Ni Mwai huyo, ametuma vijana," baba alisema alipoambiwa. "Ati mimi nilisogeza mpaka! Anayejua ulipopita ni mama peke yake, na mama mwenyewe ndiye huyo."

Cucu Wakiuru, mama yao Kingori na Mwai na nyanya yake Kagure, alikuwa ameketi karibu na moto, mkono kooni. Madaktari wa Nyeri walikuwa wamesema lazima apasuliwe koo, na huenda asiongee tena maishani. Mwai naye alikuwa mjini Wang'uru akiuza mchele, na tangu ugomvi uanze hakuwa amekanyaga nyumbani.

"Kama hataki kuja, nipigeni video," Cucu alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Anione na anisikie huko kwake. Nikinyamaza kabla ya kusema, nyinyi mtauana."

Kingori akauza ndama, akaenda Nyeri pamoja na Kagure. Katika duka la vitu vya mitumba, muuzaji aitwaye Hezekiah aliweka kamera mbili mezani, bei moja. Ya kwanza ilikuwa kubwa ya kubebwa begani, nayo ilitumia kanda kubwa kama zile za deki ya video. Ya pili ilienea kiganjani, na kanda yake ilikuwa ndogo.

"Mimi mambo haya siyajui," baba alimwambia Kagure. "Deki ya Mwai ni ya kanda kubwa. Muulize huyu mzee kama hii ndogo itacheza huko. Mimi naenda hapo nje kununua chumvi ya ng'ombe."

Kagure alijaribu ile kubwa, bega likalemewa. Akashika ile ndogo. Papo hapo akajiona siku ya wazazi shuleni akipiga picha, na Judy wa darasa lao na wenzake wamebaki midomo wazi. Isitoshe, aliwahi kuona harusini mpiga picha akitia kanda ndogo ndani ya kasha kubwa, kisha akaliingiza kwenye deki. Kanda ndogo si ni kanda ndogo tu?

"Msichana, hiyo ina mambo yake," Hezekiah alianza, akigusa kitundu cha kuchungulia. "Ukitaka kuichezesha, kwanza..."

"Najua," Kagure akamkatiza. "Tunachukua hii."

Baba aliporudi akauliza, "Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Inaingia kwa kasha."

Lo, mdomo huponza kichwa! Neno lilikuwa limetoka, na ndama alikuwa ameshauzwa.

Jumapili, Cucu aliketishwa dirishani palipokuwa na mwanga, Kagure akampiga video. Alisema maneno yake polepole, akikohoa, mpaka sauti ikamkauka kabisa. Wiki iliyofuata alipasuliwa. Alirudi nyumbani akiwa hai, kitambaa shingoni, lakini bila sauti.

Siku chache baadaye Kagure alimwonyesha mwalimu wa sayansi ile kanda. Mwalimu akacheka. "Kanda ya aina hii haina kasha. Kwenye deki haiingii hata uisukume kwa nyundo."

Kila jioni Kagure alitaka kusema ukweli, na kila jioni alimsikia baba akimwambia mkewe, "Mwai ametuma neno kwamba Jumamosi anakuja kuweka nguzo mpakani. Na aje tu. Kanda iko, hatutapigana." Kagure akarudi kwenye vitabu vyake. Huko mpakani matoka yalizidi kung'olewa.

Jumamosi ukungu ulishuka hadi kwenye mashamba ya kahawa. Mwai alifika na vijana waliobeba nguzo na mapanga. Baba alikuwa ameazima televisheni na deki kwa jirani yao, Ngatia. Akaitoa kanda, akaisukuma ndani ya deki. Ikacheza huko ndani kama punje ya mahindi debeni.

"Kagure, kasha liko wapi?"

Mwai akacheka kwa hasira.

"Kanda gani hiyo? Unanidanganya kama ulivyonidanganya kwenye mpaka! Vijana, chimbeni!"

Baba akachomoa panga ukutani. Cucu alisimama, akafumbua kinywa apige kelele, na hakuna kilichotoka.

"Baba, nilisema uongo!" Kagure akapaza sauti. "Sikuuliza! Baba mdogo, kosa ni langu, si la baba!"

Baba alimtazama, panga likiwa bado mkononi.

"Yule mzee alisema nini? Sema yote."

"Alitaka kunieleza jinsi ya kuichezesha, nikamkatiza. Alikuwa amegusa hapa, kwenye kitundu cha jicho."

Baba aliweka panga chini. Alirudisha kanda kwenye kamera, akachomeka kidude cha sikioni cha redio yake, akaanza kubonyeza vitufe kimoja kimoja. Taa nyekundu ya betri ikawa inapepesa. Ghafla kamera ikanguruma.

"Mwai, njoo utazame. Haraka!"

Mwai aliweka jicho kwenye kitundu na kidude sikioni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Anasema mpaka haukusogezwa," alisema, machozi yakimtiririka. "Anasema siku ya kupanda matoka, mimi nilikuwa mgongoni mwake."

Akampa Kingori kamera. Kingori alimsikia mama yake mpaka taa ikazima. Alipoinua kichwa, Mwai alikuwa ameshaenda mpakani, anaokota matoka.

Baba akamgeukia Kagure. "Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kusema umeuliza na hujauliza. Ungenyamaza kidogo zaidi, leo ningemkata ndugu yangu wa tumbo moja. Jumatatu twende kwa Hezekiah, na utamuuliza mbele yangu."

Cucu alichukua jembe pembeni ya mlango akamkabidhi mjukuu wake. Kagure alishuka hadi mpakani, akainamia ua moja la itoka lililonyauka.

"Baba mdogo," akauliza, "shimo liende chini kiasi gani?"